Waraka Uwe Somo: Mafunzo Kazini kwa Viongozi wa Elimu Shinyanga na Geita

Afisa Elimu Kata ni kiungo baina ya ofisi ya Halmashauri na darasa. Sera hutungwa mbali na shule, lakini anayeketi na mwalimu mkuu na kumweleza lililobadilika ni yeye. Kwa hiyo kila waraka unaomfikia huweza kuwa moja ya mambo mawili: karatasi ya kuhifadhiwa jaladani, au somo la kufundishwa. Makala haya yanakusudia kueleza kwa nini yatupasa kuchagua njia ya pili, na hatua za kuifuata. Mifano tumeichukua katika Mkoa wa Shinyanga na ukanda wa dhahabu wa Geita.

Kwamba uongozi wa elimu ni kazi yenye kufundishwa si jambo jipya nchini. Chuo cha MANTEP kilianzishwa Bagamoyo mwaka 1979 kwa ajili hiyo, na mwaka 2001 kikawa Wakala wa Maendeleo ya Uongozi wa Elimu, yaani ADEM, wenye kampasi pia Mwanza. Kati ya mwaka 2014 na 2020 Shinyanga ilikuwa miongoni mwa mikoa ya mpango wa EQUIP-T, uliowapa mafunzo walimu wakuu na waratibu wa elimu kata. Mwaka 2018 Serikali iligawa pikipiki kwa Maafisa Elimu Kata. Tangu mwaka 2020 upo mwongozo wa Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, MEWAKA, unaowataka walimu wajifunze pamoja shuleni na katika vituo vya walimu. Hata hivyo, pikipiki humfikisha Afisa shuleni tu. La kufundisha akishafika hana budi kulitayarisha mwenyewe.

Ugumu wa kwanza ni kwamba maagizo hutoka katika milango zaidi ya mmoja. Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia husimamia sera, mitaala na uthibiti ubora wa shule. TAMISEMI, kwa kupitia mikoa na halmashauri, huziendesha shule zenyewe. Tume ya Utumishi wa Walimu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2015, hushughulikia ajira, vyeo na nidhamu ya walimu. Mwalimu mkuu asiyejua barua ipi imetoka mlango upi huzichukulia zote kuwa sawa, naye huishia kutekeleza ile iliyokaziwa sauti zaidi kikaoni. Ndiyo maana swali la kwanza mbele ya waraka wowote ni hili: umetoka kwa nani, na una nguvu juu ya nani?

Tuchukue mfano mmoja wenye uzito. Tarehe 24 Novemba 2021 Waziri wa Elimu wa wakati huo, Profesa Joyce Ndalichako, alitangaza kwamba wanafunzi waliokatiza masomo kwa sababu mbalimbali, ujauzito ukiwa mojawapo, wataruhusiwa kurejea shuleni. Waraka wa Elimu Na. 2 wa mwaka 2021 ukafuata. Kabla ya hapo, kanuni za mwaka 2002 zilikuwa zimewapa wakuu wa shule njia ya kumfukuza mwanafunzi kwa kosa la maadili au kwa kuingia katika ndoa, na mwaka 2017 lilitolewa tamko la hadhara kwamba msichana aliyejifungua hatarudi katika shule ya Serikali. Mwalimu aliyeongoza shule katika miaka hiyo alikwisha kuzoea jibu moja. Mazoea ya namna hiyo hayaondolewi kwa kusomewa waraka mara moja mwishoni mwa kikao, watu wakiwa wameshika vikoba vyao tayari kuondoka.

Katika mikoa yetu jambo hili si dogo. Utafiti wa kitaifa wa hali ya afya na idadi ya watu wa mwaka 2010 ulionyesha kuwa katika Mkoa wa Shinyanga wanawake 59 katika kila 100 wenye umri wa miaka 20 hadi 24 waliolewa kabla ya kutimiza miaka 18. Yafaa ikumbukwe kwamba Shinyanga ya wakati ule ilikuwa pana zaidi: mwaka 2012 ndipo ilipomegwa, Bariadi, Maswa na Meatu zikaingia Simiyu, na Bukombe na Mbogwe zikaingia Geita. Tena waraka ule hauwahusu wasichana peke yao. Katika vijiji vya machimbo, kama vile Nyarugusu na Rwamgasa, mvulana aweza kuanza kwa utoro wa rejareja siku za mnada, kisha habari za mfumuko mpya wa dhahabu zikamchukua moja kwa moja. Naye akirudi hustahili kupokewa kwa utaratibu.

Basi kikao cha mwezi cha walimu wakuu kiendeshweje ili waraka uwe somo? Tunapendekeza hatua nne, ambazo zaweza kutimizwa kwa muda wa saa moja na nusu.

Hatua ya kwanza ni kusoma. Kila mshiriki awe na nakala mkononi, wasome wawili wawili, na wajibu kwa maandishi: Waraka unamhusu nani? Unaagiza nini? Unaanza lini? Unafuta agizo lipi la zamani? Afisa asieleze chochote kabla majibu hayajasomwa.

Hatua ya pili ni kujadili visa. Kwa mfano: msichana wa kidato cha pili katika Halmashauri ya Msalala alijifungua, na mama yake anaomba arudi, mvulana wa darasa la sita aliondoka kwenda machimboni na amerejea baada ya muhula mzima. Kila kundi litaje aya ya waraka inayotoa jibu. Asemaye "nadhani" aombwe kuonyesha mahali palipoandikwa.

Hatua ya tatu ni kuigiza. Mmoja awe mwalimu mkuu, mwingine mzazi, wa tatu mjumbe wa kamati ya shule anayepinga. Hapo ndipo hugundulika kwamba kujua agizo na kulisema kwa upole mbele ya watu wenye hasira ni stadi mbili tofauti. Mlango wa shule hufungwa kwa neno moja tu la mwalimu mkuu, na mtoto aliyekwisha kuona haya hatabisha hodi mara ya pili.

Hatua ya nne ni kumbukumbu. Kila mwalimu mkuu arudi na kazi: apitie rejista ya mahudhurio, aorodheshe walioacha, na alinganishe orodha hiyo na mfumo wa PReM wa Baraza la Mitihani, ambamo kila mwanafunzi wa shule ya msingi ana namba yake. Katika maeneo ya machimbo familia huhama upesi. Mtoto anayedhaniwa mtoro huenda anasoma katika kata nyingine bila uhamisho wake kukamilishwa. Kikao kifuatacho kianze na orodha hizo.

Yapo mashaka kwamba Maafisa Elimu Kata wana mzigo mkubwa wa takwimu na ziara, hivyo hawatapata nafasi ya kufundisha. Mzigo huo ni wa kweli. Lakini baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, nchi ilipotaka watoto wote waingie shuleni, walimu wengi walifunzwa vijijini huku wakifundisha, kwa kuwa vyuo havikutosha. Fundisho la miaka ile lingali linafaa: mahali pa kazi ni mahali pa kujifunzia, mradi pawepo mtu aliyeandaa somo. Haja hiyo imezidi tangu Januari 2024, mitaala mipya ilipoanza kutumika, maana nyaraka za mageuzi hayo zitaendelea kuja.

Kwa wakufunzi wenzetu, tunashauri zoezi la kusoma waraka liingizwe katika maandalizi ya mazoezi ya kufundisha. Wengi wa wanachuo wa leo wataongoza shule kesho, baadhi yao katika shule ndogo zenye walimu wachache, wakiwa bado vijana. Yafaa siku hiyo iwakute wakijua kuuliza maswali manne ya hatua ya kwanza, na kujua pia kwamba nyuma ya kila aya ya waraka yupo mtoto anayesubiri jibu mlangoni.