Doa la 199 na Doa la 200

Mishipa inayoupelekea moyo damu yake ni myembamba, milimita mbili hadi nne kwa sehemu kubwa, nayo imelala juu ya msuli usiojua kupumzika. Ndani ya kuta zake hujijenga, mwaka baada ya mwaka, utando wa mafuta, seli na kalsiamu, na mwenyewe asiwe na habari mpaka siku kifua kinapombana. Mashine ya CT huuona utando huo bila kumpasua mtu. Kazi kubwa ni kuupa namba ambayo mtu akipimwa tena kesho itatoka ileile.

Namba iliyozoeleka ilibuniwa na daktari wa moyo wa Florida, Arthur Agatston, akaitangaza pamoja na wenzake mwaka 1990. (Watu wengi wa Marekani humjua zaidi kwa kitabu chake cha mlo wa kupunguza unene.) Picha za CT hupima mng'ao kwa mizani ya Hounsfield: maji ni 0, hewa ni 1000 chini ya sifuri. Agatston aliamua kwamba doa lolote kwenye mshipa lenye mng'ao wa 130 au zaidi lihesabiwe kuwa kalsiamu. Eneo la doa huzidishwa kwa 1 likiwa na mng'ao usiofika 200, kwa 2 likianzia 200, kwa 3 likianzia 300, na kwa 4 kuanzia 400. Madoa yote hujumlishwa. Mwenye sifuri hana kalsiamu inayoonekana. Aliyepita 400 anayo nyingi.

Sasa tazama ngazi hizo zinavyotega. Doa la milimita 5 za mraba lenye mng'ao wa 199 hupata alama 5. Doa hilohilo likisomeka 200, hupata 10. Tofauti ya kipimo kimoja imezaa alama maradufu, na kipimo kimoja ni kitu kidogo mno: mwili mnene huongeza chengachenga kwenye picha, moyo unaokwenda mbio huyavuta madoa, na mpaka kati ya kipande kimoja cha picha na kingine unaweza kulikata doa mahali tofauti. Ndiyo maana mtu anaweza kupimwa mara mbili siku moja akapewa namba mbili, na mishipa yake haijabadilika hata kidogo. Volteji ya umeme wa mashine nayo ina neno lake. Ikishushwa ili mgonjwa apate mionzi michache, kalsiamu hung'aa zaidi, na mpaka wa 130 haufai tena ulivyo.

Wataalamu wana njia ya kupima uzito wa kalsiamu kwa miligramu, wakirekebisha mashine kwa kifua bandia kilichotiwa kalsiamu ya kiasi kinachojulikana. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo njia ya haki zaidi. Lakini alama za Agatston hazing'oki, kwa sababu maelfu ya watu wamefuatiliwa nazo kwa miaka mingi. Utafiti wa MESA pekee, ulioanza Marekani mwaka 2000, uliandikisha zaidi ya watu 6,800.

Tena kalsiamu ni sehemu ngumu tu ya utando. Sehemu inayotisha ni ile laini, yenye mafuta mengi, ambayo ikipasuka damu huganda juu yake na kuuziba mshipa. Kuiona kunahitaji dawa yenye ayodini ichomwe mkononi wakati wa kupiga picha. Watafiti wa SCOT-HEART, Uskoti, walitangaza mwaka 2020 kwamba wagonjwa ambao utando laini, wenye mng'ao chini ya 30, ulizidi asilimia 4 ya ujazo wa mshipa walikuwa karibu mara tano zaidi katika hatari ya mshtuko wa moyo. Kuupima huo ni kugumu kuliko kalsiamu. Nukta moja ya picha ina upana wa karibu nusu milimita, na kalsiamu iliyo jirani husambaza mng'ao wake kama taa ya gari usiku, ikaufunika ulaini ulio pembeni. Ayodini ikiwa nzito, hata utando wenyewe husomeka mng'avu kuliko ulivyo.

Kwa kuwa kalsiamu ni sehemu tu ya utando, wanaotumia vidonge vya statini, vya kupunguza kolesteroli, wakati mwingine hushtuka bure. Dawa hizo hupunguza hatari ya mshtuko, ila utando ukitulia hukauka na kuwa mgumu, kwa hiyo alama ya kalsiamu inaweza kupanda huku mgonjwa akipata nafuu. Wapo wanaotaka kuacha dawa kwa sababu ya karatasi ya majibu. Wasiache kabla ya kuonana na daktari.

Anayerudia kipimo arudi, ikiwezekana, kwenye mashine ileile, picha zisomwe kwa programu ileile, na mapigo ya moyo yawe yametulia. Hospitali nyingi hutoa dawa ya kuyapunguza kabla ya picha ya ayodini. Usiondoke na karatasi ya majibu peke yake. Omba picha zenyewe kwenye CD, na iandikwe volteji iliyotumika, maana atakayezilinganisha mbeleni atavitafuta hivyo kwanza.