Kibera: Mteremko Uliokosa Hati

Kibera imekaa mteremkoni, kusini-magharibi mwa katikati ya Nairobi. Juu iko Makina, kijiji cha Wanubi chenye misikiti na soko; chini unapita mto unaoingia Bwawa la Nairobi, lililojengwa mwaka 1953 na kuzibwa na magugu-maji. Reli ya zamani ya Kisumu inakata katikati. Mvua ikinyesha, maji huteremka na taka zote za mitaro, na wanaolipia ni wakazi wa mabondeni, Silanga na Soweto Mashariki.

Palikuwa msitu. Mwaka 1904 Waingereza walianza kuwaweka hapo askari wa Kisudani waliotumikia jeshi la King's African Rifles, mababu wa Wanubi, pamoja na jamaa zao. Mwaka 1918 eka 4,197 zikatangazwa kuwa eneo la jeshi. Askari hao walijenga, wakalima na kufuga, lakini serikali ya kikoloni haikuwapa hati: iliwahesabu kuwa wapangaji katika ardhi ya Mfalme. Hilo ndilo shina la matatizo yote yaliyofuata.

Baada ya uhuru ardhi ile ilimegwa kwa mitaa ya kisasa kama Ayany, Olympic na Fort Jesus. Wakati huohuo wahamiaji kutoka Nyanza, Magharibi na Ukambani walipanga vyumba karibu na kazi za mjini, na vijiji vya Gatwekera, Lindi na Laini Saba vikajaa. Nani atajenga kwa mawe mahali anapoweza kuvunjiwa kesho? Kuta zikabaki udongo na mabati. Kawangware, upande wa magharibi wa jiji, ni tofauti: sehemu kubwa ilikuwa ardhi ya Wakikuyu yenye wenyewe, kwa hiyo huko maghorofa ya kupangisha yameota kati ya mabanda.

Kwa miaka mingi ilisemwa kwamba Kibera ina watu milioni moja. Sensa ya 2009 ilihesabu takriban 170,000. Idadi ndogo haipunguzi dhiki: Julai 2018 maelfu walivunjiwa nyumba ili barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata ipite.

Mwaka mmoja kabla, Juni 2017, Wanubi walikuwa wamepokea hati ya jamii ya eka 288. Hiyo haifiki hata sehemu moja ya kumi ya ardhi iliyotangazwa mwaka 1918, na wapangaji wengi wa vijiji vingine bado wanalipa kodi ya vyumba vilivyosimama kwenye ardhi ya serikali.