Baruch Blumberg, mtafiti aliyeanzia mbali na ini akafikia chanjo inayozuia kansere

Kila tarehe 28 Julai, ulimwengu huadhimisha siku ya kupambana na hepatiti. Tarehe hiyo ilichaguliwa kwa sababu ndiyo aliyozaliwa Baruch Blumberg, mwaka 1925, mjini New York nchini Marekani. Ni yeye aliyegundua kirusi cha hepatiti B. Kazi yake ilifungua njia ya chanjo ya kwanza kabisa inayomkinga binadamu na aina moja ya kansere, nayo ni kansere ya ini.

Hapa kwetu mashariki mwa Congo, wengi wameona sura ya ugonjwa huo bila kulijua jina lake: macho ya manjano, mwili unaokonda huku tumbo likijaa maji. Mara nyingi mgonjwa ni baba ama mama ambaye bado ana nguvu za kulea watoto. Wengine katika familia huwaza sumu, husema ni karuho, na mgonjwa huzungushwa huku na kule kabla ya kufikishwa hospitali. Akifika, mara nyingi madaktari hukuta ini limekwisha kuharibika.

Kujua chanzo cha ugonjwa huo kulichukua miaka mingi ya masomo na utafiti, na mtu aliyekipata hakuwa anakitafuta.

Kutoka hesabu hadi udaktari

Blumberg alitumika katika jeshi la wanamaji wakati wa Vita ya Pili ya Dunia. Mwaka 1946 alipata shahada ya fizikia, kisha akaanza masomo ya juu ya hesabu katika Chuo Kikuu cha Columbia, New York. Baba yake ndiye aliyempa shauri la kuingia udaktari. Alilikubali, na mwaka 1951 akawa daktari.

Mwaka mmoja kabla ya kumaliza, alipelekwa kwa miezi kadhaa Moengo, mji wa migodi katika nchi ya Suriname, Amerika ya Kusini. Wafanyakazi wa huko walikuwa na asili za Afrika, India, China na Indonesia. Waliishi mahali pamoja, wakaumwa na mbu wale wale. Lakini ugonjwa wa matende, ule unaovimbisha miguu, uliwakamata baadhi ya makundi zaidi kuliko mengine. Kijana huyo akarudi nyumbani na swali moja: kwa nini watu wanaoishi pamoja hawaugui sawasawa?

Mwaka 1955, akiwa tayari ni daktari wa hospitali, alikubali kuwa mwanafunzi tena. Alikwenda Uingereza, Chuo Kikuu cha Oxford, kutayarisha teze ya udokta katika kemia ya mwili. Teze hiyo, aliyoimaliza mwaka 1957, haikuhusu ini wala kansere. Ilihusu asidi ya hyaluroniki, kitu kinachopatikana katika ute wa viungo vya mwili.

Huko Oxford alikutana na Anthony Allison, mtafiti aliyekulia Kenya. Mwaka 1954, Allison alikuwa ameonyesha kwamba watu wa Afrika Mashariki waliorithi upande mmoja tu wa sikoseli, ugonjwa ambao hapa Congo wengi huuita SS, wanakingwa kwa kiasi fulani na malaria kali. Hilo lilikuwa jibu mojawapo kwa swali la Moengo: damu ya mtu inaweza kueleza kwa nini anaugua ama haugui.

Damu kutoka Australia

Kuanzia mwaka 1957, safari hii akiwa mtafiti wa taasisi ya taifa ya afya huko Marekani, Blumberg alianza kukusanya damu ya watu wa nchi mbalimbali. Alifika pia Nigeria. Yeye na Allison walikuwa na wazo rahisi. Mgonjwa aliyeongezwa damu mara nyingi amepokea vitu vingi ambavyo mwili wake haukuzaliwa navyo. Basi mwili huo utakuwa umetengeneza askari wa kupambana navyo, na askari hao wanaweza kutumiwa kutambua tofauti kati ya damu ya mtu na mtu.

Mwaka 1963, wakipima damu ya mgonjwa mmoja wa New York mwenye hemofilia, waliona kwamba ilipambana na sampuli moja tu kati ya zile zilizokuwa mbele yao. Sampuli hiyo ilitoka kwa mwenyeji wa asili wa Australia. Kitu hicho kipya wakakiita antijeni ya Australia. Aliyekuwa naye katika kazi hiyo ni daktari kijana, Harvey Alter. Mwaka 2020, Alter naye alipata Tuzo ya Nobel pamoja na watafiti wengine wawili, kwa kazi iliyofichua kirusi cha hepatiti C.

Mwaka 1964 Blumberg alihamia taasisi ya utafiti wa kansere mjini Philadelphia. Hapo mwanzo timu yake ilidhani kitu hicho ni cha kurithi, tena kina uhusiano na kansere ya damu, maana kilionekana mara nyingi kwa wagonjwa wa kansere hiyo. Lakini mwaka 1966, mgonjwa aliyekuwa amepimwa na kukutwa hana kitu hicho, alipimwa tena akakutwa nacho. Kama ni cha kurithi, kingewezaje kuingia ukubwani? Walipochunguza ini lake, wakakuta ana hepatiti. Mwaka uliofuata, fundi wa laboratwari yao aliugua, akaipima damu yake mwenyewe, naye akakuta antijeni ile ile.

Mwaka 1967 walitangaza kwamba antijeni ya Australia inaambatana na hepatiti. Mwaka 1968 watafiti wa Tokyo na New York wakathibitisha. Kuanzia hapo iliwezekana kupima damu kabla ya kumwongezea mgonjwa, na watu wengi wakaepushwa na ugonjwa uliokuwa ukiwafuata hospitalini.

Kutoka homa hadi kansere

Mwaka 1969, Blumberg na mwenzake Irving Millman walibuni njia ya kutengeneza chanjo kutokana na damu ya watu waliobeba kirusi hicho, baada ya kukisafisha na kukiua. Mwaka 1976 Blumberg alipewa Tuzo ya Nobel. Chanjo iliruhusiwa Marekani mwaka 1981, na mwaka 1986 ikaja nyingine isiyohitaji tena damu ya binadamu.

Kuhusu kansere, Afrika ilikuwa na sehemu yake katika ushahidi. Tangu miaka ya 1950, madaktari waliofanya kazi Dakar, Senegal, walikuwa wakisema kwamba hepatiti huenda ndiyo inayoleta kansere ya ini. Katika miaka ya 1970, timu ya Blumberg ilishirikiana nao kupima familia za wagonjwa huko. Mama wa wagonjwa wa kansere walikutwa na kirusi mara nyingi zaidi kuliko mama wengine. Ilianza kuonekana kwamba safari ya kansere inaanza siku ya kuzaliwa.

Mwaka 1981, utafiti uliofuatilia wanaume 22,707 wa Taiwan ulionyesha kwamba wenye kirusi hicho walikuwa katika hatari ya kansere ya ini zaidi ya mara 200 kuliko wasiokuwa nacho. Taiwan ilianza kuchanja watoto wachanga mwaka 1984. Kufikia miaka ya 1990, kansere ya ini kwa watoto wa miaka 6 hadi 14 ilikuwa imepungua karibu nusu.

Saa 24 za kwanza

Mtu mzima akiambukizwa hepatiti B, kwa kawaida mwili wake hukishinda kirusi. Mtoto mchanga hana nguvu hiyo. Kati ya watoto 10 wanaoambukizwa wakati wa kuzaliwa, karibu 9 hubaki na kirusi maisha yao yote. Huwa hawaumwi kitu, wanasoma, wanaoa, wanafanya kazi, mpaka siku ini linapochoka.

Ndiyo maana tangu mwaka 2009 Shirika la Afya Ulimwenguni, OMS, linashauri kila mtoto apate sindano ya hepatiti B ndani ya saa 24 tangu kuzaliwa. Hapa RDC, watoto hupata chanjo hiyo ndani ya pentavalenti, katika wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Sindano hizo zinasaidia sana, lakini mtoto aliyeambukizwa na mama yake siku ya kuzaliwa, wiki ya 6 inamkuta amechelewa. Kwa mujibu wa OMS, mwaka 2022 ni 18% tu ya watoto wachanga katika kanda yake ya Afrika waliopata sindano ya siku ya kwanza.

Je, jambo hilo linawezekana nchini mwetu? Watafiti Wacongomani na wenzao wa Marekani walilijaribu mjini Kinshasa, katika nyumba za uzazi za Binza na Kingasani. Kati ya mwaka 2018 na 2019 walipima wajawazito 4,016, na 109 wakakutwa na kirusi. Mama waliokuwa na kirusi kingi walipewa tenofoviri, dawa ambayo tayari hutumiwa kwa wagonjwa wa ukimwi, na watoto walichanjwa walipozaliwa. Miongoni mwa watoto waliofuatiliwa, hakuna hata mmoja aliyekutwa ameambukizwa na mama yake. Kazi hiyo ilifanyika katika nyumba za uzazi za kawaida, kwa wauguzi na dawa zilizokwisha kuwa nchini.

Blumberg alifariki mwaka 2011, akiwa na miaka 85. Aliwahi kurudi Oxford kuongoza chuo kile kile alichokuwa mwanafunzi wake. Kwa kijana anayesomea udaktari Bukavu, Goma, Kisangani ama Lubumbashi, njia yake ina funzo la kazi. Sampuli zilizotunzwa vizuri na daftari lililoandikwa sawasawa ndivyo vilivyomwezesha kuona kwamba jibu la jana limebadilika. Na maswali yaliyobaki yako hapa kwetu: ni kaya ngapi za vijiji vyetu zinaishi na kirusi hiki? Mtoto ambaye mama yake hana kirusi anakitoa wapi?

Kwa wazazi, jambo la kufanya ni fupi zaidi. Mama mjamzito anapokwenda CPN, aombe kipimo cha hepatiti B. Ni tone la damu ya kidole, na jibu linapatikana siku ile ile. Akikutwa nacho, amweleze daktari mapema, ili sindano ya mtoto itafutwe kabla uchungu haujaanza.