Tarumbeta la Mzee Si Chuma Chakavu

Ndugu msomaji, huenda chini ya kitanda cha mzee wako limo sanduku jeusi ambalo halijafunguliwa kwa miaka mingi. Ndani yake mna tarumbeta lililofifia rangi, alilolipuliza mzee enzi za bendi yake. Vijana wa nyumbani huliona takataka. Mnunuzi wa vyuma chakavu hulipima kwa kilo. Kabla hujaipokea bei yake, yafaa utulie na kulichunguza.

Wahenga walinena kuwa ya kale ni dhahabu. Kwa tarumbeta, usemi huo ni kweli nusu tu. Umri peke yake hauleti thamani. Thamani huletwa na ufundi wa aliyeliunda na uangalifu wa aliyelitunza.

Mathalan, mtazame fundi Vincent Bach. Alizaliwa Austria mwaka 1890, akasomea uhandisi, lakini moyo wake ukatekwa na tarumbeta. Aliingia New York mwaka 1914 akiwa mpigaji. Mwaka 1918 alianza kutengeneza vipande vya kupulizia, na mwaka 1924 akaanza kuunda matarumbeta yenyewe. Mwaka 1953 alihamishia kiwanda chake Mount Vernon, mji ulio jirani na New York. Mwaka 1961 alikiuza kwa kampuni ya Selmer, na mwaka 1965 kazi ikahamishiwa Elkhart, katika jimbo la Indiana. Kwa hiyo matarumbeta yenye chapa ya Mount Vernon ni ya miaka michache tu, wala idadi yake haiwezi kuongezeka. Ndiyo sababu wapigaji huyasaka hadi leo. Kadhalika husakwa Martin Committee, tarumbeta ambalo Miles Davis alilipenda mno.

Lakini chapa kubwa haitakusaidia kitu iwapo chombo kimeoza. Tarumbeta ni mrija wa shaba ya manjano, wenye urefu wa karibu mita moja na nusu, uliokunjwa kwa ustadi. Shaba hiyo ni mchanganyiko wa shaba nyekundu na zinki. Unyevu wa pumzi na mate ukiachwa ndani, zinki huliwa kidogo kidogo. Chunguza mrija unaopokea kipande cha kupulizia: madoa mekundu yenye kitovu cheusi ni dalili kwamba ugonjwa umetoka ndani, na dawa yake ni kubadili mrija.

Kisha zijaribu vali, ambazo ndizo moyo wa chombo. Bila kubonyeza, vuta taratibu mrija mdogo wa vali ya kwanza, usiutoe wote. Subiri kidogo, kisha bonyeza vali hiyo. Ukisikia mlio kama wa kizibo kinachofunguka, vali ingali inazuia hewa. Pakiwa kimya, huenda hewa inavuja, na tarumbeta hilo litamchosha mpigaji.

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Mtu hupata tarumbeta zuri, akalipeleka likasuguliwe kwa mashine mpaka ling'ae kama kioo. Ole wake! Kila msuguo huondoa shaba, na nakshi na maandishi ya kiwanda hufutika. Kufifia hakuharibu sauti; kupunguza unene wa shaba huweza kuiharibu. Lioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini, vali zitie mafuta yake, na kipande cha kupulizia kikinasa usikivute kwa koleo. Mpelekee fundi.

Nchini mwetu jambo hili lina uzito wake. Katika bendi kama NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964 chini ya jumuiya ya wafanyakazi, vyombo vilikuwa mali ya jumuiya, si ya mpigaji. Chombo cha namna hiyo huweza kupita mikono mingi, na mali ya wote isipokuwa na mlinzi huharibika upesi. Likiwapo tarumbeta lililosalimika, ujue yupo mtu aliyelifuta mate kila usiku baada ya dansi, ingawa halikuwa lake.

Basi, ndugu msomaji, fungua sanduku hilo mzee angali hai. Mwombe akuoneshe namna ya kulishika na kulisafisha. Usiache mbachao kwa msala upitao.