Baridi ya Lukozi na baridi ya Vinson

Alfajiri ya Julai sokoni Lukozi, vijana wanaopakia matenga ya kabichi na karoti kwenye Fuso huwa wamevaa makoti na kofia za sufu. Gari likishateremka zile kona za Lushoto hadi Mombo, makoti yanavuliwa. Kilichobadilika ni kimo tu. Hewa ikipanda mlima hukuta mgandamizo mdogo, hutanuka, na kule kutanuka hula joto lake. Kwa wastani kila meta 1,000 za kupanda huondoa nyuzijoto 6.5 hivi, na Lukozi imeizidi Mombo kwa zaidi ya meta hizo.

Kwa hesabu hiyo, Kibo, kilele cha Kilimanjaro chenye meta 5,895, ingeushinda kwa baridi Mlima Vinson, ambao ni mrefu kuliko yote Antaktika lakini una meta 4,892 tu. Mambo ni kinyume. Kileleni Kibo wastani ni nyuzi 7 hivi chini ya sifuri. Vinson hufika karibu nyuzi 30 chini ya sifuri katika kiangazi chake cha Desemba, tena jua lisipozama kabisa! Uko kilometa 1,200 hivi kutoka Ncha ya Kusini.

Huko jua hupita chini, karibu na upeo wa macho. Mwanga unaofika umelala, umetandazwa juu ya eneo kubwa, na theluji hurudisha angani sehemu kubwa ya huo mchache. Kwetu jua hupiga utosini.

Jua hilo la utosini ndilo linaloila barafu ya Kibo. Watu wengi hudhani inayeyuka kama barafu ya gengeni, kumbe sehemu kubwa hugeuka mvuke moja kwa moja bila kuwa maji, kwa sababu hewa ya juu ni kavu mno. Antaktika nayo ni kame, theluji yake ni haba, ila inayoanguka hukaa. Kibo inahitaji theluji mpya kila msimu: nyeupe yake hurudisha mwanga na kuikinga barafu kongwe. Theluji hiyo imepungua. Kati ya mwaka 1912 na 2000 eneo la barafu ya Kilimanjaro lilipungua kwa asilimia 80 hivi.