Kuwafuata Nyumbu wa Serengeti: Mvua, Majira na Mpango wa Safari

Uhamaji wa nyumbu kati ya Serengeti, Ngorongoro na Maasai Mara ni mzunguko wa mwaka mzima usio na mwanzo wala mwisho, na kutolijua jambo hili ndiko kunakowakosesha wasafiri wengi kile walichokusudia kukiona. Msafiri husikia kwamba nyumbu huhama mwezi wa Agosti, akajichanga, akaomba likizo, akafika Seronera, yaani katikati ya Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, na kukuta nyasi zilizokauka na nyumbu wachache waliobaki nyuma, ilhali makundi makubwa yamekwisha kufika kaskazini, mwendo wa saa kadhaa kwa gari kutoka hapo. Hifadhi hiyo ina ukubwa wa kilomita za mraba 14,763, kwa hiyo kufika Serengeti ni jambo moja na kuwafikia nyumbu ni jambo jingine. Swali la kwanza katika kupanga safari ya namna hii si bei ya hoteli wala aina ya gari, bali ni mahali mvua iliponyesha.

Nyumbu anayezungumziwa hapa ni mnyamapori wa jamii moja na kongoni na nyamera, wala si yule chotara wa punda na farasi anayeitwa kwa jina hilo hilo. Idadi yake katika eneo hili inakadiriwa kuwa takriban milioni 1.3, naye huandamana na pundamilia wapatao 200,000 pamoja na swala tomi, swala wadogo wenye mstari mweusi ubavuni, ambao nao ni laki kadhaa. Wanyama hawa hawagombanii lishe kama mtu anavyoweza kudhani, kwa kuwa pundamilia hula sehemu ya juu ya nyasi iliyo ndefu na ngumu, nyumbu akafuata majani laini yaliyofunuliwa chini yake, na swala tomi akamalizia machipukizi mafupi yaliyo karibu na ardhi.

Wingi huo haukuwako miaka 70 iliyopita. Katika miaka ya 1890 sotoka, ugonjwa wa virusi unaoua ng'ombe na wanyamapori wa jamii yake, ulipita Afrika Mashariki ukateketeza mifugo na nyumbu pamoja, na kwa miongo mingi baadaye ukaendelea kuua ndama wa nyumbu kila mwaka. Chanjo ya ng'ombe wa wafugaji wanaoizunguka Serengeti ndiyo iliyoukata mnyororo huo wa maambukizi, kwani virusi vilipokosa ng'ombe wa kuvihifadhi vilitoweka pia miongoni mwa wanyamapori, na nyumbu, waliokuwa kama 250,000 mwanzoni mwa miaka ya 1960, wakazidi milioni moja kabla ya miaka ya 1970 kwisha. Mwaka 2011 sotoka ilitangazwa kuwa imetokomezwa duniani kote. Ni haki kusema, basi, kwamba mandhari inayowavuta wageni kutoka kila bara imejengwa kwa sehemu na sindano walizochomwa ng'ombe wa wafugaji, na jambo hili lingestahili kusimuliwa kwa kila mgeni anayepita langoni.

Sababu ya kuhama iko katika udongo na maji. Tambarare za kusini-mashariki, kuanzia Ndutu hadi upande wa Olduvai, zimefunikwa na majivu ya volkano za nyanda za juu za Ngorongoro na ya Ol Doinyo Lengai, ambayo bado ni hai, na majivu hayo huzipa nyasi fupi za huko madini ya kalsiamu na fosforasi ambayo nyumbu jike huyahitaji sana anapobeba mimba na kunyonyesha. Hata hivyo, sehemu hiyo hupata mvua kidogo kuliko zote, na masika yanapokwisha madimbwi hukauka au kubaki na maji ya magadi, kwa hiyo wanyama hulazimika kuelekea magharibi na kisha kaskazini, ambako mvua ni nyingi zaidi na ambako Mto Mara, unaoanzia katika milima ya Mau nchini Kenya na kuishia Ziwa Viktoria, hutiririka hata wakati wa kiangazi. Vuli inapoanza, kwa kawaida mwezi wa Novemba, nyumbu hurudi kusini kuzifuata nyasi changa. Lakini vuli ikichelewa nao huchelewa, na ikiwahi huwahi, na hakuna kalenda ya kampuni yoyote ya utalii inayoweza kuwalazimisha vinginevyo.

Kwa anayeweza kuchagua wakati mmoja tu, miezi ya Januari mwishoni hadi Machi mwanzoni katika eneo la Ndutu ndiyo yenye mengi ya kuona, ingawa matangazo husema zaidi juu ya mto na mamba. Huo ndio msimu wa kuzaa, ambapo ndama wengi, idadi inayokadiriwa kufikia laki kadhaa, huzaliwa katika muda wa wiki 3 hivi. Kuzaa kwa pamoja namna hiyo ni kinga, kwa sababu simba, fisi na duma, hata wakila kila siku hadi kushiba, hawawezi kuwamaliza ndama waliozaliwa kwa wakati mmoja, tofauti na ambavyo ingekuwa kama wangezaliwa wachache wachache mwaka mzima. Ndama huanguka chini akiwa bado na utando wa uzazi, mama humgeukia na kumlamba akiishika harufu yake, naye hujaribu kusimama kwa miguu inayotetemeka, akapiga magoti, akainuka tena, na kabla ya robo saa kupita aghalabu huwa ameanza kutembea ubavuni mwa mama. Akipotezana na mama yake katika msukosuko huwafuata hata pundamilia au gari, na jike mwingine humfukuza kwa kuwa harufu si ya mwanawe. Haya yote hufanyika uwandani, mchana, juu ya nyasi fupi zisizoficha kitu.

Kuanzia Mei hadi Juni makundi hupita ukanda wa magharibi, kando ya Mto Grumeti. Msimu huu haupewi uzito unaostahili na wasafiri wa ndani, hasa wakazi wa kanda ya ziwa, ingawa ni rahisi kwao kuufikia, kwa kuwa Lango la Ndabaka liko kwenye barabara kuu ya Mwanza na Musoma, na anayeingilia hapo hapiti Ngorongoro, na hivyo halipi ada ya mamlaka ya eneo hilo, ambayo anayetoka Arusha kupitia Karatu na Lango la Loduare hutozwa hata kama anapita tu kuelekea Lango la Naabi la Serengeti.

Kuvuka Mto Mara hutokea kati ya Julai na Oktoba, upande wa Tanzania katika eneo la Kogatende na upande wa Kenya ndani ya Maasai Mara, wala si tukio la mara moja, kwani kundi lile lile huweza kuvuka leo na kurudi kesho kutwa kwa kufuata mvua iliyonyesha ng'ambo. Nyumbu hukusanyika ukingoni kwa saa nyingi, walio nyuma wakisukuma na walio mbele wakirudi nyuma kila maji yanapotikisika, hadi mmoja ateremke gengeni na wengine wamiminike nyuma yake katika vumbi na milio. Wanaokufa maji ni wengi kuliko wanaoliwa na mamba. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulikadiria kwamba nyumbu wapatao 6,250 huzama katika mto huo kwa mwaka, na mizoga yao hulisha tumbusi na samaki, huku mifupa ikiendelea kutoa fosforasi majini kwa miaka. Anayekwenda kuwaona nyumbu wakivuka atenge usiku usiopungua 3 karibu na mto wenyewe, kwa maana siku moja ni bahati nasibu.

Wapo wanaopanga kuona pande zote mbili za mpaka kwa safari moja wakidhani ni suala la kuvuka daraja. Hakuna kituo cha uhamiaji kinachowapitisha watalii moja kwa moja kutoka Serengeti kuingia Maasai Mara. Njia ya barabara huzunguka kwa vituo vya mpakani vya Sirari na Isebania, au Namanga, na humeza siku nzima. Kibali cha kuingia Serengeti nacho huhesabiwa kwa saa 24, kwa hiyo aliyeingia saa 4 asubuhi akatoka saa 7 mchana wa siku ya pili hudaiwa tena. Katika kufunga mizigo, ikumbukwe kwamba mavazi ya bluu iliyokolea na nyeusi huwavuta mbung'o, sweta inahitajika alfajiri hata mwezi wa Februari, na dawa za kujikinga na malaria ziulizwe kwa daktari mapema.

Linalobaki ni mwenendo wa wasafiri wenyewe ukingoni mwa mto. Magari yanapojipanga kwenye njia ya kuteremkia, au abiria wanaposhuka ili kupiga picha, nyumbu wa mbele hugeuka na kundi zima hurudi nyuma, wakati mwingine likatafuta kivuko kingine chenye genge kali zaidi ambako ndama huvunjika miguu. Msafiri anayelipia gari ndiye mwenye sauti ya kwanza mbele ya dereva wake, na anaombwa aitumie kwa maneno machache: gari lisimame mbali na ukingo, injini izimwe, na njia ya kuteremkia majini iachwe wazi hadi nyumbu wa mwisho avuke.