Mafuta yanapita mlangoni kwetu, lita zake tunazihesabu?

UKIVUKA Daraja la Nyerere kutoka Kurasini kwenda Kigamboni, hutachukua muda mrefu kuyaona matangi makubwa ya mafuta. Huko ndiko yanakoshushiwa mafuta yanayoendesha malori, pikipiki na pampu za sehemu kubwa ya nchi hii. Mengine yanaendelea na safari hadi Zambia, Congo, Rwanda, Burundi na Malawi.

Chini ya kilomita 20 kutoka kwenye matangi hayo, kandokando ya Mto Mzinga upande wa Kongowe, mkulima wa mboga anawasha pampu yake kila jioni. Petroli anayoitumia ameinunua kwa bei iliyopangwa kwa kufuata soko la dunia. Ujirani wake na matangi haumpunguzii kitu cha maana.

Makala haya yanataka kumsaidia mkulima huyo na mfanyabiashara mdogo kujibu swali moja: katika kila tuta, debe au gunia unalouza, umo mafuta kiasi gani?

Mji uliokua na mafuta

Biashara ya mafuta katika vitongoji hivi si ya jana. Mwaka 1965, baada ya walowezi wa Rhodesia kujitangazia uhuru wao, Zambia iliyokuwa ikipata mafuta kupitia huko ilikatiwa njia. Mapipa yakaanza kubebwa kwa malori kutoka Dar es Salaam, kupitia barabara ambayo wakati huo ilikuwa mbovu mno.

Mwaka 1966 kiwanda cha kusafisha mafuta cha TIPER kilianza kazi Kigamboni. Mwaka 1968 likafuata bomba la TAZAMA, lenye urefu wa kilomita 1,710 hadi Ndola. TIPER iliacha kusafisha mafuta ghafi mwishoni mwa miaka ya 1990 na kubaki na kazi ya kuhifadhi. TAZAMA nayo iligeuzwa mwaka 2023, sasa inasukuma dizeli iliyokwisha kusafishwa badala ya mafuta ghafi.

Kazi hiyo imeleta watu. Wapo madereva wa matenki na matingo wao, mafundi wa matairi, wauza vipuri, walinzi na mama lishe. Wote hao wanakula, na mboga wanayokula haitoki mbali. Hapo ndipo mkulima wa Temeke na Kigamboni anaponufaika na mafuta: anapata mlaji, wala si petroli ya bei rahisi.

Kwa nini bei haituhurumii

Bei kikomo ya petroli, dizeli na mafuta ya taa hutangazwa na EWURA kila Jumatano ya kwanza ya mwezi. Ndani yake kuna gharama ya kununua mafuta nje na kuyasafirisha kwa meli, ushuru na tozo za serikali, pamoja na faida ya muuzaji wa jumla na wa rejareja. Mikoani huongezwa nauli ya kuyafikisha huko. Kwa hiyo nafuu ya mtu wa Dar es Salaam ni hiyo nauli peke yake.

Soko la dunia likitikisika, tunatikisika wote. Baada ya Urusi kuivamia Ukraine Februari 2022, bei ilipanda kila mahali. Kuanzia Juni mwaka huo serikali ilitoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 kupunguza makali, na bado Agosti lita moja ya petroli ilifika shilingi 3,410 hapa Dar es Salaam.

Hasara niliyoiona baada ya mavuno

Mwaka huo nami nilikuwa mkulima. Nilikodi nusu ekari karibu na Mto Mzinga nikapanda bamia, nikiamini kwamba mtu aliyesomea uchumi wa kilimo hawezi kukosea hesabu ya bamia. Nilivuna madebe 80, nikauza kwa wastani wa shilingi 8,000 kila debe. Zikaingia shilingi 640,000.

Kwenye daftari nilikuwa nimeandika kodi ya shamba, mbegu, mbolea, dawa na malipo ya kibarua, jumla shilingi 470,000. Nikajihesabia faida ya shilingi 170,000 na kuanza kuipangia matumizi. Kibarua wangu nikamwahidi kwamba msimu unaofuata tutalima ekari nzima.

Wiki mbili baadaye nilikuta stakabadhi za petroli ndani ya gari na kwenye mifuko ya suruali. Nilikuwa nikinunua lita mbili leo, tatu kesho, kwa fedha ya mfukoni, na sikuandika hata moja. Pampu ilikuwa imekunywa lita 48. Pikipiki ya kupeleka bamia soko la Temeke Stereo ilikuwa imetumia lita 16. Lita 64 kwa wastani wa shilingi 3,200 ni shilingi 204,800.

Gharama halisi ilikuwa shilingi 674,800, na hasara shilingi 34,800. Kila debe nililouza shilingi 8,000 lilikuwa limenigharimu zaidi ya 8,400, na kati ya hizo 2,560 zilikuwa petroli. Nilirudi kwa yule kibarua kumwambia kwamba ekari nzima haipo tena. Alinijibu, "Lakini bosi, mbona soko lilikuwa zuri?" Kweli soko lilikuwa zuri, tatizo lilikuwa mimi.

Fanya hivi

Kwanza, anzisha daftari la lita. Kila ukinunua mafuta andika tarehe, lita, bei na kazi iliyofanyika. Mwisho wa msimu gawanya jumla ya fedha hizo kwa madebe, matuta au magunia uliyouza. Mfanyabiashara wa nafaka wa Tandale afanye vivyo hivyo kwa nauli ya lori: aigawe kwa magunia kabla ya kukubali bei ya mteja.

Pili, punguza lita kabla ya kulalamikia bei. Mwagilia asubuhi na mapema au jioni, maji yasipotee kwa jua kali. Tandaza majani makavu kwenye matuta ili unyevu ukae. Ziba mipira inayovuja, maana kila tone linalomwagika njiani umeshalilipia. Kama ningetumia lita 50 badala ya 64, ningeokoa shilingi 44,800. Ile hasara ingegeuka kuwa faida ya shilingi 10,000. Ni ndogo, lakini ni faida.

Tatu, safirisheni pamoja. Wakulima watano wenye shehena ndogo wakikodi kirikuu kimoja, kila mmoja hulipa kidogo kuliko akipanda bodaboda peke yake.

Nne, epuka petroli ya kwenye chupa za mtaani. Ni hatari kwa moto, na huwezi kujua kama imechakachuliwa. Pampu ikiharibika katikati ya msimu, hasara yake ni kubwa kuliko nafuu uliyoitafuta.

Tano, tafuta mlaji aliye karibu. Mama lishe anayepikia madereva huhitaji mchicha na bamia kila siku. Ukikubaliana naye bei ya mwezi mzima, umejipunguzia safari za sokoni na lita zake.

Tusiuharibu mto

Lipo jambo lisiloonekana kwenye daftari. Mito Kizinga na Mzinga ndiyo inayonywesha bustani zetu, na Kizinga imekuwa ikilisha mtambo wa maji wa Mtoni tangu mwaka 1949. Gereji nyingi za vitongojini humwaga oili chafu kwenye mitaro, na mitaro hiyo huishia mtoni.

Wenzetu wa Niger Delta, nchini Nigeria, wanajua mwisho wa habari hii. Mafuta yaligunduliwa Oloibiri mwaka 1956, na Port Harcourt, mji wa kando ya mto, ukakua kwa biashara hiyo. Lakini mwaka 2011 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilieleza kwamba kuisafisha ardhi ya Ogoni kunaweza kuchukua miaka 25 hadi 30. Wakulima na wavuvi ndio waliopoteza.

Sisi hatuchimbi mafuta, yanapita tu. Hata hivyo mlaji akishajua kwamba mboga yako imemwagiliwa maji yenye oili, hatauliza imetoka wapi oili hiyo. Ataondoka. Vikundi vya wakulima vizungumze na serikali ya mtaa na wenye gereji, oili ikusanywe kwenye mapipa na kuuzwa kwa wanaoihitaji.

Bei ya mafuta hatuipangi sisi. Idadi ya lita tunaipanga wenyewe, mradi tuiandike. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Yangu ilipotea hivyo, nikaja kuikuta mfukoni mwa suruali.